Mizani ya Mbuni

Neno “mbuni” lina mizani ngapi? Hesabu kwanza, kwa vidole ukipenda, halafu tuendelee. Uliyesema mbili uko sawa. Uliyesema tatu uko sawa vilevile. Pengine wewe uliwaza mti wa kahawa, na mwenzako aliwaza yule ndege mkubwa asiyeruka. Ndege ni mbu-ni. Mti ni m-bu-ni. Herufi ni zile zile tano, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa. Na yuko mwingine bado, mbuni wa mavazi, yeye pia ni m-bu-ni kama mti.

Nimeishi na swali hili karibu mwaka mzima, na kilichonifikisha kwalo si kitabu cha sarufi. Ni lugha ya kompyuta iitwayo Pascal, hasa kile ambacho vijana wanakiita lupu. Mimi nitakiita kitanzi. Najua kitanzi ni cha kunasia ndege, na ni cha kunyongea watu pia. Wengine husema mzunguko, lakini mzunguko hauna ncha, na hiki ninachokisema kina pa kuingilia na pa kutokea. Kikikosa pa kutokea, hapo ndipo kinakuwa kile cha kunyongea.

Marehemu baba alikuwa karani wa chama cha ushirika, huko juu kwenye migomba na mibuni ya Kilimanjaro. Kwa miaka 27 kazi yake ilikuwa mizani, ile ya chuma: mkulima analeta gunia, baba anapima, anaandika kilo, anatoa stakabadhi. Jioni alikuwa na mizani nyingine. Alikuwa na kile kitabu cha Amri Abedi cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, amekifunika kwa gazeti, na alikifuata kama wengine wanavyofuata kitabu cha sala. Julai 1989 nchi za mkataba wa kimataifa wa kahawa zilishindwa kuelewana, mgawo wa mauzo ukasimamishwa, bei ikaporomoka. Majirani wakaanza kukata mibuni na kupanda nyanya. Baba akaanza utenzi. Aliumaliza 1993, beti 286, na bahari yake yote inaishia na -ni. Huu ni ubeti wa 17:

Mbuni wa babu yangu
Ulilipa ada zangu
Na viatu vya wenzangu
Leo umekuwa kuni

Aliupeleka kwenye ukurasa wa mashairi wa gazeti moja. Ulirudi baada ya miezi mitano, mishororo 63 imepigiwa mstari kwa penseli, na juu ya ukurasa wa kwanza maneno mawili tu: “Mizani zinapwaya.” Penseli ile haikuishia kulaumu. Ilipoona pengo, ilijaza. “Mbuni wa babu yangu” ikawa “Mbuni wake babu yangu”. “Kivulini mwa mbuni” ikawa “Kivulini mwake mbuni”. Na ule mshororo ninaoupenda kuliko yote, mwenye shamba anapomwamuru kijana wake, “Kata mbuni mbichi”, ukawa “Kata wewe mbuni mbichi”, utadhani kijana hakusikia mara ya kwanza.

Baba hakulalamika. Alilaza daftari sandukuni chini ya koti la mvua, na hakuandika tena shairi hata moja. Alifariki miaka miwili iliyopita. Kaka yangu mkubwa akaamua tuchape kijitabu cha kugawa siku ya kumbukumbu yake. Aliupiga chapa utenzi wote mwenyewe, usiku baada ya kazi, na masahihisho ya penseli akayaingiza yote. “Mhariri ni mhariri,” alisema. Mimi nikasema tuchape alivyoandika baba. Kaka akaniuliza, na ni swali la haki: watu wakihesabu wakakuta saba, si tutakuwa tumemwaibisha mzee mbele ya usharika mzima?

Basi, ilibidi kuhesabu. Mishororo 1,144, na mhesabuji asiye mtoto wake.

Aliyenipa dawa ni binti wa kaka huyo huyo, anayesoma diploma ya kompyuta. “Shangazi, hiyo ni kazi ya lupu tatu tu,” alisema, kama mtu anayesema hiyo ni kazi ya nusu saa. Nilitegemea atanifundisha Python, maana ndiyo kila mtu anayoitaja. Akakataa. Python, alisema, haikulazimishi kutangaza mapema kitu ni cha aina gani. “Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, utaipenda inayouliza.” Pascal ilitolewa mwaka 1970 na Niklaus Wirth, Mswisi wa chuo cha ETH kule Zürich, makusudi kwa ajili ya kufundishia, na toleo la bure, Free Pascal, linakaa vizuri hata kwenye laptopu yangu kuukuu. Jina ni la Blaise Pascal, yule yule wa Pensées. Kabla hajafikisha miaka 20 alianza kuunda mashine ya kujumlisha ili kumpunguzia mahesabu baba yake, aliyekuwa akishughulikia kodi huko Rouen. Nikiri kwamba kijana yule aliniingia moyoni kuliko mzee wa fikra za dini niliyesomeshwa chuoni.

Katika Pascal hutumii kitu kabla hujakitangaza. Unasema: mstari ni string, yaani mfuatano wa herufi, i ni integer, namba nzima, jibu ni char, herufi moja. Ukishasema, umesema. Ukijaribu kutia neno kwenye kisanduku cha namba, programu haianzi hata kukimbia, inazuiwa mlangoni. Nasikia wanaoanza hulalamika sana juu ya ukali huu. Sisi hatuna haki ya kulalamika. Mtoto wa miaka minne akisema “kitabu umeanguka”, bibi yake anamsahihisha kabla kitabu hakijaokotwa. Ngeli ni aina. Tunaitangaza kwenye jina, na kila kinachofuata, kivumishi, kionyeshi, kitenzi, lazima kikubaliane nayo, la sivyo sentensi inakataliwa mlangoni. Nilipomwambia hivyo binti wa kaka alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaandika kwenye simu yake. Sijui aliandika nini.

Vitanzi vya Pascal ni vitatu. Cha kwanza, for, ni cha anayejua idadi tangu mwanzo. Baba akihesabu magunia yaliyopangwa ukutani hakuitikia salamu ya mtu. Ungemwamkia “shikamoo” akiwa kwenye 34, angeinua kidole tu, amalize, ndipo aseme “marahaba”. For iko hivyo hivyo. Ukishaiambia ihesabu toka 1 hadi 40, huruhusiwi kukigusa kihesabio katikati ya njia, na ukijaribu kukibadilisha ndani ya kitanzi, Pascal inakugomea. Cha pili, while, na cha tatu, repeat, ni vya anayejua sharti la kuacha bila kujua idadi. Tofauti yao ni adabu. While ni mgeni anayepiga hodi kwanza, na asipokaribishwa haingii hata mara moja. Repeat anaingia, anakaa, anakunywa chai, ndipo anauliza kama ilifaa aje.

Hii ndiyo programu ya kwanza niliyoandika, na inafanya kazi, unaweza kuijaribu:

var
  mstari: string;
  i, mizani: integer;
begin
  mstari := 'leo umekuwa kuni';
  mizani := 0;
  for i := 1 to length(mstari) do
    if mstari[i] in ['a','e','i','o','u'] then
      mizani := mizani + 1;
  writeln(mizani);
end.

Isome taratibu, si ngumu. Mizani inaanza na sifuri. Kitanzi kinapita kwenye kila herufi ya mshororo, ya kwanza hadi ya mwisho. Kikikuta irabu, kinaongeza moja. Mwishoni kinaandika jumla, na hapa jumla ni 8. Kiswahili kinatusaidia sana, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu na kila irabu tunaitamka. Jaribu kuhesabu silabi za Kiingereza kwa njia hii uone utakavyoaibika.

Kitanzi kile kinapita kwenye herufi za mshororo mmoja. Kukipitisha kwenye utenzi mzima ni kukiweka ndani ya kitanzi kingine, mshororo wa 1 hadi wa 4, na hicho ndani ya kingine tena, ubeti wa 1 hadi wa 286. Hapa binti wa kaka aliniuliza beti ni ngapi kabla ya kunishauri aina ya kihesabio, nikashangaa inamhusu nini. Kumbe kuna aina iitwayo byte, ndogo, nyepesi, inayoishia 255. Mpe byte kazi ya kuhesabu kwa while hadi 286, bila kuwasha ukaguzi wa mipaka: akifika 255 anarudi 0, anaanza upya, na hatafika 286 hata dunia iishe. Beti 31 za baba zisingesomwa milele. Utendi wa Tambuka, ule wa Pate wa 1728, una beti zaidi ya 1,100. Robo tatu yake ingebaki gizani.

Nikaukimbiza utenzi wote, ule wa daftari, si ule wa penseli. Mishororo 517 ilitoka na idadi isiyo nane. Kaka alikuwa amekaa hapo hapo. Hakusema kitu, aliinua tu nyusi.

Lakini angalia ilikuwa inahesabu nini. Irabu tu. “Mtu” kwake ni mizani moja, “mkulima” tatu, “amka” mbili. Kila mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angepinga. M inayokaa mbele ya konsonanti husimama peke yake, m-tu, m-ku-li-ma, a-m-ka. Kwa hiyo nikaongeza sharti: ukikuta m, na herufi inayoifuata ni konsonanti ambayo si w, y, b wala v, ongeza moja. Maneno mafupi kama mbu, mbwa, nchi na nne yana sheria yao, hayo nikayaorodhesha kwa mkono. Nikakimbiza tena. Yakabaki makosa 88.

Kwa nini niliacha b na v? Kwa sababu hapo ndipo herufi zinapoishiwa maarifa. Mbuzi ni mbu-zi, mbegu ni mbe-gu, mvua ni mvu-a. Lakini mvivu ni m-vi-vu. “Mtu mbaya” ni m-tu m-ba-ya. “Habari mbaya” ni ha-ba-ri mba-ya. Kivumishi kile kile, tahajia ile ile, mizani tofauti. Hakuna kitanzi kitakachopita kwenye herufi hizo tano za “mbaya”, hata kikipita mara milioni, kikagundua ni ipi. Jibu halimo ndani ya neno. Limo kwenye ngeli.

Kipimo ninachowapa wanafunzi sasa ni hiki: ligeuze neno liwe wingi. M ikiondoka au ikigeuka, ilikuwa na mizani yake. Ikibaki, haikuwa nayo. Mtu mbaya, watu wabaya: imeondoka. Habari mbaya, habari mbaya: imebaki. Mbuni mmoja, mibuni kumi. Mbuni mmoja, mbuni kumi. Hata “alimbeba” utaipata hivyo, maana “aliwabeba”. Wale wanaofundisha ngeli za upatanisho tu, A-WA, U-I na kadhalika, watakwama kidogo hapa, kwa sababu ndege na mbuni wa mavazi wote ni A-WA, huyu na huyu, lakini m zao si moja. Ngeli za zamani, M-WA na N-N, ndizo zinazowatenganisha. Mimi sikuwa mpenzi wa ngeli za zamani. Nimezirudisha kwenye ubao wangu.

Basi nikafanya kitu ambacho programu nzuri hufanya ikifika mwisho wa ujuzi wake: iulize. Nikatumia repeat. Kila ikikuta mb au mv, inasimama, inaonyesha mshororo mzima, inauliza M au N, na haiendelei mpaka ijibiwe moja ya hizo mbili. Ukibonyeza kitu kingine inauliza tena, bila hasira. M maana yake ina mizani yake, N haina. Neno “mbuni” peke yake liliulizwa mara 38.

Kazi ya kujibu ilinichukua Jumamosi tatu, kwa sababu kila mara nilirudi kwenye daftari lenyewe kuhakikisha kaka hakukosea kuchapa. Na ndivyo nilivyoona. Ukurasa wa tatu, pale penseli ilipoandika “wake”, pembeni kabisa karibu na mshono wa daftari, kuna wino wa bluu, mwandiko wa karani, mdogo kama ule wa stakabadhi:

huu, si huyu

Hakuna kingine. Hakumwandikia mhariri barua. Alilijibu daftari.

Nilimpigia simu kaka, nikamsomea. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani salio limekwisha.

Simlaumu sana mhariri yule. Alijua wazi kuwa ni mti, utenzi wote ni wa kahawa. Ila jicho likiona mb linaunganisha, kama kwenye mbuzi na mbegu, na jicho ndilo lililohesabu. Programu yangu ya kwanza, ile ya irabu, iliipa “Mbuni wa babu yangu” saba kamili, sawasawa na penseli. “Kata mbuni mbichi” iliipa sita, ndiyo maana ikahitaji “wewe” nzima. Jicho na kitanzi vilikosea kwa namna moja, kwa kuwa vyote viwili vilihesabu herufi bila kuuliza ni za nani.

Nikimaliza kujibu, matokeo yalikuwa haya. Katika makosa 88, 79 hayakuwa makosa. Kati ya mishororo 63 ya penseli, 58 ilikuwa na mizani nane tangu siku baba alipoiandika, na kila iliyojazwa ilikuwa imeharibiwa, ina tisa au kumi. Mitano tu ndiyo ilipwaya kweli. Na mingine minne ilipwaya bila penseli kuiona. Tisa kati ya 1,144. Kwenye mizani ya chuma mkulima angeondoka ameridhika.

Wapo watakaoniambia kwamba yote haya ni bure, kwamba tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 hatulazimiki kuhesabu chochote, na kwamba ushairi ni sikio. Nakubali kuhusu sikio. Nampenda Kezilahabi. Lakini baba hakuandika mashairi huru. Aliahidi nane kila mshororo, mara 1,144, na mtu aliyeahidi nane anastahili kuhesabiwa nane zake kabla ya kuambiwa hakuzitimiza. Aliambiwa hakuzitimiza. Aliishi na hilo karibu miaka thelathini akipima kahawa ya watu hadi gramu.

Kaka amekubali kuyatoa ya penseli yote. Tuligombana kidogo juu ya ile tisa. Yeye alitaka turekebishe, silabi moja hapa, moja pale, nani atajua. Nikamwambia programu itajua, akasema programu haiji kwenye ibada. Mwisho tumeiacha ilivyo. Sharti lake ni kwamba tusiweke maelezo ya chini yanayoitaja, na sharti hilo nimelikubali, ingawa kwa kuandika hapa nimelikunja kidogo.

Mchapaji ameshapewa kurasa. Kuna ubeti mmoja tu, wa 214, ambao bado naurudia. Mshororo wake wa mwisho ni “Nani aliye mbuni”. Penseli iliongeza “Ni” mbele. Hesabu ya baba inatimia kwa m-bu-ni, mizani tatu, kwa hiyo ndege hayumo. Lakini mtu aliyeandika “huu, si huyu” kwa wino, hapa ameandika “aliye”, si “ulio”. Basi si mti, au ni mti aliyeamua kuuita mtu. Au ni mbuni kwa maana ya aliyebuni: Mungu, au aliyeipanga bei, au mwenye kalamu mwenyewe. Nimewauliza kaka, binti wake, na mzee mmoja aliyefanya kazi na baba ghalani. Majibu matatu.

Programu ilipofika hapo ilisimama, ikaonyesha mshororo, ikauliza M au N. Nilikaa. Nikabonyeza M, ikaenda ubeti wa 215.